Karanga za Mdomoni

Jumanne, Busia

Leo gazeti lilinituma kwenye mtihani wa vitendo chuoni, na hakuna aliyethubutu kucheka, kwa sababu Athieno alikuwa karibu kufeli mwaka wake wa mwisho wa uhandisi. Kama wenzake wengi chuoni, alikuwa amekariri maelezo yote ya Kiingereza ya mashine yake ya kukoboa karanga.

Mbele ya watahini mashine ikakwama. Athieno hakukwama. Akaendelea kutangaza kwa Kiingereza safi kwamba sasa karanga zinatoka nzima. Haikutoka hata moja.

"Karanga zipi, binti?" mtahini akamuuliza kwa Kiingereza. Nilimwogopea kweli.

Mkanda wa mpira wa mashine ukaanza kunuka. Athieno akamgeukia mwenzake kwa Kiswahili: "We Wandera, zima! Mkanda nateleza, na wewe nasimama tu kama nguzo!" Akaukaza mwenyewe, akaiwasha tena mashine. Karanga zikamwagika, nzima.

"Nieleze hayo hayo kwa Kiingereza," mtahini akasema.

Akaeleza, kwa Kiingereza cha kuokoteza. Tulielewa wote.

"Leo ndiyo nimekusikia," mtahini akasema, akampitisha.

Baadaye mgeni rasmi alisoma hotuba ndefu isiyo na kosa. Mhariri wangu anaitaka gazetini. Nimeisikiliza tena kwenye kinasa sauti, na sijui nimwambie mgeni alisema nini.