Mke wa Rafiki Yako Bado Ana Mume

Mume wangu mpendwa, Baba Ngoie,

Jumapili, tulipotoka misa, Mama Mwape alisimama mbele ya kanisa akimgombeza mume wake kwa sababu kola yake ilikuwa imekunjika. Aliinyoosha kwa kidole, akampiga kidogo begani, wakaenda zao. Mimi nilishika njia nyingine nisiwasalimu. Nilikuwa na wivu mpaka mate yalikuwa machungu mdomoni.

Hukunijua hivyo. Wanawake walikuja dukani kwako hapa Kamalondo, ukawapima kifua na kiuno ili uwashonee, nami nimeketi kando nachambua majani ya sombe bila neno. Ulinitania: "Weye hauna wivu hata kidogo? Basi haunipendi." Nilicheka tu. Sasa ungeniona.

Ulianza kuacha matonge ya bukari kwenye sahani, wewe uliyekuwa ukiomba nyongeza kabla watoto hawajanawa mikono. Ulisema, "Iko amibe tu, itaisha." Ukanunua dawa ya amiba, kisha ukanunua nyingine. Suruali zako zilipolegea ulizipunguza kiunoni mwenyewe, nami nikadhani unashona za wateja.

Habari ya damu uliyoiona chooni hukuniambia. Niliijua kwenye kilio chako, siku tuliyokuzika, Baba Mwape alipoketi karibu nami akalia. Alisema ninyi wawili mlikuwa mkiambiana, mkinywa bia nje ya duka, kwa sababu yeye pia alikuwa akiona damu chooni. Alipoamua kwenda hospitali alikuomba mwende pamoja. Ukamjibu: "Baniingize mashine nyuma, halafu bantu bajue? Hapana." Akaenda peke yake. Walimtazama ndani ya utumbo kwa kamera ndogo, wakakuta uvimbe ambao haujasambaa, wakaukata. Wewe ulifika hospitali umeshikwa mabega, na daktari akaniita kando akaniambia kwamba ugonjwa umeshaingia kwenye ini.

Kwa hiyo namwonea wivu Baba Mwape, aliyepewa siri iliyokuwa haki yangu. Mkewe namwonea wivu zaidi.

Ningebaki hivyo, kama si mdogo wako Kalenga. Alikuja kutoka Mitwaba na magunia yake ya maharagwe, akalala kwetu. Jioni alisukuma sahani. Nikamwuliza kuna nini.

"Tumbo tu, shemeji. Iko amibe."

Ilikuwa sauti yako kabisa. Daktari alikuwa ameniambia kwamba ndugu zako na watoto wetu wapimwe mapema, hata wasiposikia maumivu, maana kansa ya utumbo hufuata ukoo na huanza kimya. Nikamwambia Kalenga. Akatazama chini, akasema mambo hayo hayaongewi na mwanamke.

Nikajifunga kitenge, nikaenda kwa Mama Mwape. Sikuwa nimekanyaga pale tangu kilio. Alipofungua mlango nikamwambia, "Nimekuja kukuomba uniazime bwana yako."

Akacheka. Nikacheka pia, kwa hasira kidogo.

Baba Mwape alikuja akaketi na Kalenga uani. Sikusikia walichosema. Aliponiaga aliniambia, "Mama Ngoie, kesho tunaenda naye." Alimsindikiza mpaka mlango wa chumba cha kamera. Walikuta kinyama kidogo kimeota kwenye utumbo mpana, wakakitoa papo hapo. Daktari alisema kingeachwa, kingeweza kugeuka kansa.

Kalenga amesharudi kwao. Mke wake alinipigia simu, akanishukuru mpaka maneno yakamwishia. Nyuma yake nilimsikia Kalenga akiuliza maji ya kuoga yako wapi. Nilipoiweka simu nililia. Sasa mke huyo pia namwonea wivu.

Ngoie wetu anaenda kupimwa wiki ijayo. Alibishana, mke wake akamnyamazisha. Na mwanaume yeyote akisema mbele yangu kwamba ana amibe tu, namwuliza wazi kama anaona damu. Wanaona haya, wanageuza uso. Mimi haya yangu niliizika pamoja nawe.

Padri ananiambia niuombee wivu huu uniondoke. Siuombei. Ninachomwomba Mungu ni kwamba wake wa kuwaonea wivu wawe wengi hapa Kamalondo, kuliko wajane wa kuja kuketi nami.

Lala, bwana yangu. Nimekukasirikia bado, na bado nakupenda.

Mke wako,
Mama Ngoie