Barua ya Rhobi

Jumanne, Nkende

Wivu nilioupata leo, hata chai ya saa nne ilinishinda.

Rhobi wa hapa ofisini alikuja mezani kwangu na barua ambayo meneja amemwandikia ya kumpendekeza kwenye maombi ya MBA, shahada ya uzamili ya biashara. "Dada Ghati, hebu nisomee, imekaa vizuri?"

Inasema ana bidii, ana akili ya biashara, anafaa kuongoza. Kazi yenyewe nilimfundisha mimi.

"Imekaa vizuri," nikamjibu, bila kumwangalia usoni.

Fomu yangu ya MBA nimeijaza tangu mwezi uliopita. Imebaki barua tu, na kuiomba naogopa. Nikikataliwa je?

Jioni nikajikaza, nikabisha hodi kwa meneja. "Shikamoo mzee. Naomba na mimi uniandikie barua ya chuo."

Aliweka kalamu chini. "Marahaba. Kumbe na wewe unataka kusoma, Ghati? Mbona hujawahi kusema?"

Amesema ataniandikia kesho.

Nimefurahi, lakini wivu haujaisha. Rhobi ana mwaka mmoja tu hapa, akaenda kuomba. Mimi imenichukua miaka sita, na hata leo nilisukumwa na hasira.