Karatasi Kumi na Moja za Bukuru

Jumanne, 8 Julai
Mchicha nimemwagilia. Goti la kushoto linauma kama jana. Injini nyingine ya boti imeibwa mwaloni, boti zinapoegeshwa, ya tatu sasa. Mwenyekiti wa kijiji amepita. Keshokutwa mkutano, kura ya siri, kila mtu aandike jina la mwizi anayemshuku. Anataka nisome karatasi mimi. "Mwalimu, wewe hakuna wa kukubishia." Nimefurahi. Mstaafu akikumbukwa hufurahi, hata kwa jambo baya.

Alhamisi, 10 Julai
Kura imefanyika uwanja wa shule. Nimesoma kwa sauti. Bukuru, fundi wa injini, karatasi kumi na tisa. Wengine moja moja.

Kumi na moja kati ya hizo ni za mkono mmoja. Nimefundisha watu wa Ilagala kuandika kwa miaka thelathini. Kura yao ya siri kwangu si siri. Ile k yenye mguu unaoshuka chini ya mstari ni ya Saidi, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Nilimchapa kwa ajili ya k hiyo darasa la pili, hakuiacha. Kila mtu alipewa karatasi moja. Yeye amezipata wapi kumi na moja?

Niligundua nikiwa kwenye ya nne. Nikaendelea kusoma. Watu walikuwa wanashangilia, na mpwa wangu naye kaibiwa injini. Niliona haya kuvuruga mkutano. Basi.

Mwenyekiti kasema majina yatapelekwa polisi, karatasi nizichome. Sijazichoma.

Ijumaa, 11 Julai
Saidi na Bukuru waligombea kiwanja cha mwaloni mwaka jana. Bukuru akapewa haki. Kila mtu anajua.

Nimetoka kwenda kwa mwenyekiti kumweleza. Nimefika kisimani, nikarudi. Nimejiambia polisi watachunguza wenyewe. Mwoga hakosi sababu.

Jumapili, 13 Julai
Bukuru ameuawa. Sungusungu wamemtoa nyumbani alfajiri, wamempiga kwa fimbo na mawe mbele ya mkewe, Zaituni.

Sijala.

Jumatatu, 14 Julai
Tumezika. Nimeshika chepeo kidogo, goti likakataa.

Redioni wamesema ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wananchi hao nimewaita majina kila asubuhi darasani, wakaitika. Na hasira siku ya kura sikuiona. Niliona watu waliopanga.

Saidi alikuwepo makaburini, ametulia kabisa. "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia marahaba. Mdomo uliitika wenyewe. Najichukia.

Jumatano, 16 Julai
Mwenyekiti tena. Kura ya pili Ijumaa, eti Bukuru alikuwa na wenzake. Nimekataa kusoma. Kanitazama, kisha kasema polepole, "Mwalimu, anayekataa kura watu watasema anaficha mtu."

Naogopa. Sitafuti neno zuri zaidi. Jina langu fupi, mtu anaweza kuliandika mara kumi na moja akiwa anasubiri chai.

Alhamisi, 17 Julai
Nimepanda gari la asubuhi hadi Kigoma mjini. Nimempa mkuu wa upelelezi karatasi zote kumi na tisa, na barua ya zamani ya Saidi ya kuomba ruhusa, alinganishe. Kijana mpole. Ameandika maelezo yangu kwa mkono, taratibu.

Akauliza kama siku ya kura nilikuwa nimeshaujua mwandiko. Nikasema nilikuwa nimeujua. Akauliza kwa nini sikusema. Nikasema nilinyamaza. Akaandika hivyo hivyo, nikasaini.

Ijumaa, 18 Julai
Kura imeahirishwa. Polisi wamekuja asubuhi, Saidi wamemchukua na wengine wawili. Mwenyekiti kapita mbele ya nyumba yangu bila salamu.

Mchana nimekwenda kwa Zaituni, asije akasikia kwa wengine. Alikuwa anachambua dagaa uani. Nimemweleza yote, tangu karatasi ya nne. Hakulia. Aliuliza jambo moja, kama ningesema palepale mumewe angekuwa hai. Nikasema nadhani angekuwa hai.

Akaendelea kuchambua. Hakunikaribisha kukaa. Nilisimama mpaka dagaa wa ungoni wakaisha, nikaaga, nikarudi nyumbani.