Injini Zinazojikaza Usiku

Jumatatu, 3 Machi

Bwana Haraka karudi. Skuta yake tuliitengeneza wiki iliyopita, leo kaisukuma tena mpaka uani kwetu, helmeti bado kichwani. Anasambaza vifurushi mjini, hana subira hata ya kuivua. "Fundi, hii si skuta tena, ni cherehani! Watoto wa mtaani wananiuliza kama nashona suruali."

Baba hakucheka. Aliwasha injini, akafanya kama afanyavyo siku zote: ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha vali, mpini nyuma ya sikio, macho kafumba. Na sisi tukafanya kama tufanyavyo siku zote. Mama akazima redio jikoni. Mimi nikaacha kusugua kabureta. Baba akisikiliza, hakuna anayekohoa. Nimekulia ndani ya ukimya huo.

Tka-tka-tka-tka! Nadhani ilisikika mpaka barabarani.

Baba kafumbua macho. "Iko sawa. Vali zinapumua vizuri."

Bwana Haraka alinitazama, kisha akaiacha skuta itazamwe tena. Mimi nikatazama brashi yangu.

Mama hakuiwasha redio tena mpaka jioni.

Jumatano, 5 Machi

Nimemjaribu. Sijivunii. Alikuwa ameinama anabadilisha mkanda, nikasimama nyuma yake nikasema, kwa sauti ya kawaida tu: "Baba, nyumba inaungua." Akaendelea kufunga nati. Akapiga mluzi hata.

Nikaenda kwa Mama. Alikuwa anakunja nguo. Nikamuuliza kama ameona lolote kwa Baba. Hakuacha kukunja. Akasema ameona tangu Baba alipoanza kumjibu maswali ambayo hajamuuliza.

"Namuuliza kama ameshiba, ananiambia ni Jumanne." Akacheka. Halafu akaketi juu ya nguo alizokwisha kunja.

Nikasema twende hospitali. Akasema alishamwambia, mara moja, kwa upole, na Baba hakula siku mbili. Yeye hana mashamba, hana duka, ana sikio. Watu wanapita mafundi wangapi njiani kuja kwake? Wanakuja kwa ajili ya sikio hilo.

"Nikimtoa mtu huyu kwenye spana, mwanangu, namtia wapi?"

Tunyamaze tu, akasema.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeelewa sasa anakosea wapi. Halegezi ovyo. Juu ya kila vali kuna nafasi ndogo, nyembamba kama karatasi. Ikizidi, injini inagonga. Ikikosekana, vali haifungi vizuri na injini inaishiwa nguvu. Baba hajawahi kuipima nafasi hiyo. Anaifungua mpaka asikie mlio mdogo kabisa wa kugonga, "kama mtu anayebisha hodi akiogopa kuamsha watoto" — ndivyo alivyonifundisha. Sasa anaifungua mpaka asikie. Na ili asikie, lazima mtaa mzima usikie.

Nimenunua geji ya kupimia nafasi hiyo. Vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama kurasa. Baba huziita vitabu vya wasiojua kusoma.

Kazi ya vali hufanywa injini ikiwa baridi, kwa hiyo alfajiri, Baba akiwa bado anaoga, nimetoa kiti cha skuta ya Bwana Haraka, nimefungua kifuniko, nimepima, nimekaza kidogo, nimefunga. Nilikuwa nikitupia mlango jicho kama mwizi. Na ni uani kwetu!

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Haraka kaja kuchukua skuta. Kaiwasha. Kavua helmeti — kwa mara ya kwanza nimeona ana upara. "Fundi! Leo inanong'ona!"

Baba alikuwa anamtazama mdomo. Akatabasamu. Akagonga sikio lake kwa kidole mara mbili. "Sikio la zamani hilo. Haliuzwi dukani."

Nilifurahi mpaka nikaingia ndani. Ndani nikalia.

Jumanne, 11 Machi

Hii ningemsimulia nani? Ni ya kuchekesha, na hakuna wa kucheka naye.

Skuta ya mkunga wa mtaa wetu ipo kwetu tangu Jumapili, na siku hiyo hiyo Baba kaifanyia kazi. Moja ya hizi zinazokuja kwenye makatoni, plastiki tupu, na kijitabu cha herufi ambazo hakuna hapa azijuaye. Watu wanaziita Sabuni, kwa kuwa kila ukizitumia zinapungua. Jana alfajiri nimeirekebisha vali. Mchana Baba akaisikiliza tena kabla ya kuikabidhi. Kimya. Mimi nasikia inabisha hodi vizuri, taratibu, kama alivyonifundisha mwenyewe. Baba hasikii kitu. Kakunja uso. "Imekaza." Kaizima, kaiacha ipoe, kafungua, kalegeza. Tka-tka-tka!

Leo alfajiri nimekaza tena. Leo mchana kasikiliza tena. Kimya tena. Akaketi chini, akaitazama ile injini muda mrefu, kwa huruma karibu.

"Unajua nini, mama," akaniambia; huniita hivyo tangu utotoni. "Hizi injini za siku hizi zinajikaza zenyewe usiku. Baridi ikiingia, chuma kinanywea. Chuma gani hiki wanatuletea!"

Nikamjibu, "Labda, Baba."

Mkunga alikuwapo, kaja kuulizia skuta yake. Alisikia yote. Mwanamke mnene, mcheshi, mikono yake imepokea nusu ya mtaa huu pamoja na mimi. Nilipomsindikiza kaninong'oneza: "Hapa kuna nini? Mficha uchi hazai, na hilo mimi ndiye ninayelijua."

Nikasema hakuna kitu. Hakuna kitu!

Alhamisi, 13 Machi

Vibaya.

Jana Baba kailegeza tena skuta ya mkunga, na leo alfajiri nilikuwa nimeifungua tena. Vali ya kwanza nimepima, nimekaza, nati nimeifunga. Ya pili nimepima, nati nimeishika kwa vidole tu, nikawa natafuta spana. Mlango ukalia. Baba hajaoga leo, maji yamekatika. Nikarudisha kifuniko haraka, nikarudisha kiti, nikashika ufagio. Nikajiambia: akienda kunywa chai nitamalizia.

Hakwenda kunywa chai. Mkunga kaingia mbio, simu sikioni. Kuna mwanamke ameshikwa na uchungu kule juu ya mlima, anaitaka skuta sasa hivi. Baba hata hakuisikiliza tena. Kampa ufunguo. "Ipo tayari tangu jana."

Nilisimama na ufagio. Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Subiri, nati haijakazwa? Baba angeniuliza umejuaje, na nimeifungua lini, na kwa nini. Kaondoka. Nimesikiliza mpaka sauti ikapotea kwenye kona. Ilikuwa sauti nzuri.

Imefungwa kwa vidole. Vidole vyangu vina nguvu. Labda.

Ijumaa, 14 Machi

Mkunga kairudisha skuta asubuhi, akiisukuma. Nguo yake ina damu iliyokauka, haijabadilishwa tangu jana.

Ilizimika katikati ya mlima. Aliiacha kando ya barabara akapanda kwa miguu na mkoba wake. Alipofika, mtoto alikuwa mikononi mwa jirani asiyejua la kufanya, na mama amevuja damu nyingi sana. Wote wawili wako hai, wamelazwa. "Wako hai," kasema mara mbili, kama anayejiambia mwenyewe. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Baba kafungua kifuniko mbele yetu. Nati ilikuwa imelala ndani ya oili, peke yake. Kaiokota. Kaipangusa kwa kidole gumba. Kisha akaacha kuitazama nati, akaanza kutazama mikono yake. Upande huu, upande ule.

"Hii sikuikaza," akasema. "Mimi. Sikuikaza."

Mkunga kamshika bega. Akamwambia, akiwa karibu sana na uso wake, "Mzee, umechoka. Mikono nayo huchoka."

Baba akakubali kwa kichwa.

Nami nilikuwa pale. Hatua mbili kutoka alipokaa. Nikanyamaza. Nikiisema nati, lazima niseme alfajiri zote. Nikisema alfajiri zote, lazima niseme masikio.

Jumapili, 16 Machi

Jana nzima kasafisha zana. Kila spana kaiosha kwa dizeli, kaifuta, kaifunga kwenye kitambaa. Zile kubwa, ndogo, hata zile alizozichonga mwenyewe kwa ajili ya Sabuni kwa kuwa hazipatikani. Leo kafunga sanduku, kaliweka chini ya kitanda. Bwana Haraka kaja na tairi bovu, kaambiwa aende kwa fundi wa barabarani.

"Kwani Fundi anaumwa?" kaniuliza.

Baba anajaribu mikono yake. Anafikiri hatumwoni. Anashika kikombe kwa vidole viwili, ananyoosha mkono, anautazama kama unatetemeka. Hautetemeki! Haijawahi kutetemeka mikono ile.

Mama kanikuta nyuma ya nyumba. Nikamwambia yote: geji, alfajiri, ufagio. Nilidhani atanipiga. Kaniuliza tu kwa nini sikumwambia yeye, angemchelewesha Baba ndani.

Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyetaka tunyamaze.

"Nilisema hivyo kwa ajili ya masikio," akajibu. "Masikio atayasamehe, mwanangu, uzee huo. Mikono yake hataisamehe. Nenda kamwambie."

Jumatatu, 17 Machi

Nimemkuta uani, kwenye kiti chake, amelipa geti kisogo. Uani hakuna skuta hata moja. Sijawahi kuuona ukiwa mkubwa hivi. Madoa ya oili tu.

Nilisimama nyuma yake kwa kuwa usoni nisingeweza. Nikasema yote. Baba, nati ni mimi. Nimekuwa nikifungua kazi zako. Injini hazijikazi usiku, ni mimi. Mikono yako haina kosa. Nilisema vizuri, bila kulia, kama nilivyojiandaa kitandani.

Hakugeuka. Kunguru katua ukutani, Baba kamtazama, kunguru kaondoka.

Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu. Na nikaona jambo lingine: hili haliwezi kusemwa kwa kunong'ona. Ili nimwambie Baba kwamba hasikii, lazima nipige kelele, na majirani wote watakuwa wamesikia kabla yake.

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. Nikaanza. "Baba..."

Akainua mkono kunisimamisha.

"Sema polepole, mama," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Na usifunike mdomo."

Mkono wangu ulikuwa mdomoni. Sikujua.

Nimemwambia nakuja, naleta maji. Niko jikoni, naandika nimesimama. Mama yuko mlangoni, haniulizi kitu, ila hanipi njia ya kupita kwenda chumbani. Kupitia dirishani namwona Baba. Hajaondoka. Kaegemea mbele kidogo, mikono kaiweka juu ya magoti, anakitazama kigoda kitupu pale ambapo mdomo wangu utakuwa.