Mama Kiberiti, Kidole Wamekifuta

Kwaru. Kimya. Kwaru tena, kisha fwaa.

Mwaka umezunguka, Mama, tangu sauti hiyo isikike mara ya mwisho jikoni kwetu, taa imezimwa makusudi nawe umesimama penye karo, mikono inachuruzika maji ya vyombo. Majirani walidhani umeme wetu hukatika kila Ijumaa. Kumbe alikuwa mkuu wa masoko wa kiwanda kizima cha viberiti, akijaribu mali yake gizani.

Tunakuandikia gazetini kwa sababu ulilipenda gazeti, hasa kurasa za matangazo. Ulizisoma kalamu mkononi, mdomo umeubinua. "Huyu naye," ungesema, "kataja ubora weee, hajaniambia anauza nini." Baba angekujibu, "Mama Kiberiti, kunywa chai, inapoa." Hukuwahi kuinywa ikiwa ya moto.

Uliingia kiwandani ukiwa karani wa mauzo, msichana mwenye sketi moja ya kazini. Ukapanda ngazi hadi juu bila kuhama jengo. Kwenye boksi la kiberiti chenu kulikuwa na mchoro wa kidole kimoja kimesimama wima. Hukuuchora wewe. Uliukuta, na kazi yako kubwa ikawa kuwazuia watu wenye akili nyingi wasiuguse. Mteja alifika dukani, akainua kidole, muuza duka akampa kiberiti. Asiyejua kusoma alinunua. Mwenye jino linalouma alinunua. Hata aliyenuniana na muuza duka alinunua, maana hakulazimika kumsemesha.

Na kila Ijumaa ulipita duka ambalo hawakujui, ukanunua boksi kama mtu yeyote. Nyumbani ulivua pete, ukaosha vyombo, ukazima taa. "Anayetafuta kiberiti ana haraka, yuko gizani na mikono imelowa," ulituambia. "Kikimtupa hapo, tangazo gani litamrudisha?" Njiti ikivunjika, kesho yake ulirudi dukani kumwomba radhi muuza duka na kumbadilishia mzigo, kisha ukaenda kiwandani kugomba. Walikuogopa. Sisi pia tulikuogopa kidogo.

Hukuwa malaika, na ukiandikwa hivyo utafufuka ukasahihishe. Mume wangu alipokuja kujitambulisha, alikupa kadi yake ya biashara. Ukaigeuza mbele, ukaigeuza nyuma. "Mkurugenzi Mtendaji," ulisoma. "Na unaowaongoza wako wapi, baba? Umewaacha nje?" Alikuwa peke yake na mashine moja ya kudurufu. Lakini ni wewe uliyemtafutia wateja wake wa kwanza, kimya kimya, na leo ndiye anayetoka chumbani kila tukikutaja, eti anaenda kutazama kama mlango umefungwa.

Dharau yako kwa wenzako wa kazi ile umeturithisha, na hatuionei haya. Uliwaita wachovya. Mchovya anakuja, anabadilisha rangi ya boksi, anapigiwa makofi, anapewa tuzo ya kioo, kisha anahamia kampuni nyingine kabla wateja hawajagundua alichokifanya. Huko nako anachovya. Ukimsikia akijieleza utadhani ndiye aliyevumbua moto. "Kazi ya mtu," ulisema, "utaijua akishaondoka. Akiwa bado yupo unasikia kelele zake tu."

Nilipoanza masomo ya jioni ya masoko, nilirudi nimejaa methali. "Mama, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Ukaniambia niketi. "Uongo mtupu. Kizuri kisipotembezwa kinaozea ghalani. Ila kibaya ukikitembeza, kitarudi nyumbani na mashahidi." Mwalimu wangu alilipenda jibu hilo kuliko kitabu. Kila jioni ya darasa ulimshika mtoto wangu, ukamlisha, ukamlaza, na niliporudi ulikuwa umemfunika kwa koti lako la ofisini, lile la mikutano mikubwa. Shahada zote za wachovya nikizirundika pamoja, hazilifikii koti hilo.

Sasa nikupe habari za huyo uliyemwachia kiti.

Unamkumbuka Bwana Mwonekano. Jina ulimpa wewe, kwa kuwa kila kikao alikuja na neno moja: tunahitaji mwonekano mpya. Ulimfundisha kazi, na ingawa alisikia, hakusikiliza. Siku ya maziko yako alileta shada lenye nembo ya kampuni kubwa kuliko maua. Akasimama nalo, akapigwa picha akiwa ameinamisha kichwa upande wake mzuri. Baba alimwuliza, "Mwanangu, hilo shada ni la marehemu au la kampuni?" Akajibu, "Mzee, ni ushirikiano." Hata kaburini kwako, Mama, walikuja kushirikiana.

Udongo haujakauka akaandika mtandaoni makala ndefu: Mambo Saba Niliyojifunza kwa Mlezi Wangu Kuhusu Chapa Inayodumu. La kwanza, usiogope mabadiliko. Wewe! Uliyevaa viatu vya aina moja mpaka fundi viatu akakusihi uvipumzishe. La pili, uza ndoto. Nilicheka nikashikilia meza. Hakuna siku uliyouza ndoto, uliuza njiti. Watu maelfu walimpongeza, wengine wakaweka alama za kulia. Akaalikwa kwenye makongamano, akapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, akapanda jukwaani na maikrofoni ya shavuni kama mtu anayetaka kuimba, akafundisha vijana jinsi ya kujenga jina kwa miaka thelathini. Kiti chenyewe alikuwa hajakipasha joto.

Kisha akakifuta kidole. Mahali pake akaweka alama ya moto iliyopindapinda, inayofanana na kila kitu na isiyofanana na chochote. Boksi likawa jeusi linalong'aa, njiti zikawa nyembamba. Kuhusu njiti hakuandika makala.

Nilikuwa dukani nikinunua chumvi siku mama mmoja alipoingia, mtoto mgongoni, akainua kidole. Muuza duka akatikisa kichwa.

"Kidole hakipo, mama. Kuna hiki cheusi."

"Kinawaka?"

Muuza duka akakigeuza mkononi, akatafuta neno. "Kinapendeza," alisema.

"Nikapikie mapambo?" Akageuka, akaondoka. Ningekuwa na namna ningekuletea maneno hayo huko uliko, yangekufurahisha kuliko maua.

Wiki tatu zilizopita Bwana Mwonekano aliniita ofisini kwako. Nasema ofisini kwako, ingawa dirisha wamelifunika kwa picha ya dirisha. Nilikwenda na mjukuu wako kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa. Alitupokea kwa mikono miwili, akatuletea maji kwenye glasi, akaniita dada.

"Dada, tunataka kumuenzi Mama. Mwaka wake unatimia wakati huohuo tunazindua boksi jipya rasmi. Unaona yalivyokutana? Ni baraka."

"Mauzo yakoje?" nilimwuliza.

"Yako kwenye safari."

"Yanakwenda au yanarudi?"

Akacheka kwa meno tu. Akaniwekea mezani karatasi mbili. Moja ilikuwa kumbukumbu yako, imeshaandikwa na kupambwa, tayari kwenda gazetini: nembo juu, nembo chini, wewe katikati umebanwa kama nyama ndani ya mkate. Sisi familia tulikuwa tumeandikiwa machozi yetu, na kauli mbiu mpya ya kampuni tukapewa tuitamke sisi. Karatasi ya pili ilikuwa na jina langu. Nafasi ya ofisa masoko, Mama. Idara yako. Meza karibu na lile dirisha.

Nitakwambia ukweli, kwa kuwa hukupenda kupambiwa. Niliitaka kazi ile. Nimeketi mapokezi ya daktari wa meno tangu mtoto hajaota meno yake, cheti changu cha jioni kiko ndani ya bahasha, na kila mahali nilikopeleka maombi wananiuliza uzoefu, kama kwamba uzoefu unauzwa mahali nikanunue. Hapa mlango ulikuwa wazi, na kapeti limetandikwa.

"Na mimi natakiwa nifanye nini?"

"Kitu kidogo sana. Sentensi moja." Akamwita kijana wa kamera aliyekuwa akingoja mlangoni. "Unashika boksi hivi, unatazama hapa, unasema: Mama angekipenda. Basi. Wateja wa zamani wakisikia kwa mtoto wake, watatulia."

Ndipo nikaelewa. Wateja walikuwa wamemkimbia, sasa alitaka wewe uwaite, nami niwe mdomo wako. Nikalitazama lile boksi. Nikajiambia labda ni zuri, labda mimi ndiye mwenye chuki, labda hata wewe ungesema tumpe nafasi. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho ungekifanya. Nikachovya vidole kwenye glasi ya maji, nikaomba wazime taa.

"Ya nini tena, dada?"

"Nataka kuona kama ungekipenda. Yaani, kama angekipenda."

Wakazima. Kwaru, njiti ikavunjika. Kwaru, kichwa kikaruka gizani, kijana wa kamera akasema "Aisee!" Ya tatu ikawaka kidogo, ikanuka, ikafa. Wakawasha taa. Bwana Mwonekano alikuwa anafuta kitu kwenye suti.

"Lakini dada," akasema kwa upole wa semina, "nani siku hizi anawasha kiberiti na mikono iliyolowa? Soko letu jipya haliloweki mikono. Hiki ni kiberiti cha mtindo wa maisha."

"Wanakiwashia nini?"

"Wanakimiliki."

Mama, ungekuwepo! Yule ndiye anayefundisha watu jinsi chapa inavyodumu. Mtu aliyepewa kidole kinachojulikana na taifa zima akakikata, sasa anamtafuta yatima wa mwenye kidole amsaidie kunyoosha. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na huyu hakuazima nguo tu, aliazima na mwili.

Nikamrudishia karatasi zote mbili. "Sentensi hiyo siisemi," nilimwambia. "Na kumbukumbu ya mama yangu tutaiandika sisi."

"Dada, fikiria mustakabali wako. Nafasi kama hizi hazirudi."

"Na wateja je, wanarudi?"

Kijana wa kamera alikohoa, nadhani alikuwa anameza kicheko. Namwombea kazi nyingine.

Nilipofika nyumbani nililia, kisha nikapika. Baba aliposikia yote aliniambia, "Umekosa kazi kwa njia ambayo mama yako angejisifia sokoni." Wiki ile ile fundi majiko wa mtaa wa nyuma aliniuliza kama ninaweza kumsaidia kuuza. Hana ofisi, ana kibanda na nyundo. Nikamwambia anipe jiko moja kwanza nipikie maharage wiki nzima. Alikasirika, akasema mimi ni mteja gani. Nikamwambia mimi ni mteja wa baadaye, ameze hasira. Mguu mmoja ulilegea siku ya nne, nikamrudishia, akaukaza, akakaza na miguu ya majiko mengine yote. Jioni baada ya mapokezi, ndiyo kazi yangu sasa. Bado ni ndogo, Mama, lakini watu wameanza kuja kibandani wakiuliza lile jiko lisiloyumba, na jina hilo sikulitunga mimi.

Basi hii ndiyo kumbukumbu yako, haina nembo. Ukiona imekaa bila mapambo, ujue ni mume wa mtoto wako aliyechapa nakala tuliyoipeleka gazetini, kwa mashine ileile, na amekataa msaada.

Anakukumbuka mumeo, anayeendelea kukumiminia chai. Anakukumbuka dada yako mkubwa, anayesema ulikuwa mkaidi tangu tumboni. Anakukumbuka mkweo, Mkurugenzi Mtendaji wa watu wawili sasa. Wanakukumbuka wauza duka ambao hawakujua cheo chako hadi walipoiona picha yako ya maziko. Nakukumbuka mimi, bintiyo, ninayekuhitaji kila jioni kuanzia saa ya darasa. Hatutakusahau, wala hatutamruhusu mtu akukumbuke kwa niaba yetu.

Na anakukumbuka mjukuu wako. Siku ile, tulipokuwa tunatoka, Bwana Mwonekano alichuchumaa mbele yake, kamera bado inawaka, akamwekea boksi jeusi usoni na kutabasamu tabasamu la jukwaani. "Mrembo wangu, wewe ndiye utanisaidia. Sema: Bibi angekipenda."

Mtoto akalitazama boksi. Akamtazama yeye, kwa huruma, kama mtu ambaye nyumbani kwao hawakumpa habari, kisha akamwambia kwa sauti ili asikie vizuri:

"Bibi amekufa."