Daftari la Dada Nililolificha

Dada yangu Paskalina,

Shikamoo. Mguu uliokanyagwa na ndama umeponaje? Na mama, kifua kimetulia? Mimi mwili hauna shida, nakula na kazini naenda. Ningeweza kupiga simu, lakini nakujua: nikianza tu utasema "basi, yameisha," nami nitajificha kwenye maneno hayo. Ndiyo maana nimeandika, na nimempa mwenzetu wa Nakwa anayekuja likizo akufikishie mkononi.

Ni habari ya daftari lako.

Ile programu tuliyoitengeneza kabla sijaja huku Ujerumani, ya mfugaji kuuliza kwa simu kama ng'ombe wake ana ndigana, ule ugonjwa wa kupe, mimi niliiandika tu. Maswali yalikuwa yako, uliyoyakusanya kwenye daftari hilo miaka yote ukitibu mifugo Sigino na Mutuka. Hasa lile moja: "Jana aliingia zizini wa ngapi, na leo wa ngapi?" Sijaliona kwenye kitabu chochote. Tukaigawa bure, wafugaji wakaitumia.

Unajua pia kikundi changu cha huku, kinachopinga hataza za programu za kompyuta. Hataza inampa mtu umiliki wa ubunifu, wengine wasiutumie bila ruhusa yake. Sisi tunasema namna ya kufikiri isifungiwe hivyo, na mratibu nilikuwa mimi. Ndipo Ingrid, mwalimu mstaafu tuliye naye, akagundua kampuni moja inaomba hataza ya programu inayotambua ng'ombe mgonjwa kwa jinsi anavyozidi kubaki nyuma ya kundi. Nikaruka kwenye kiti. "Hilo swali ni la dada yangu!"

Nikakuomba picha za daftari lenye tarehe, zithibitishe kwamba ulianza wewe kabla yao. Ukaenda Mutuka kwenye matope, na mguu ule ule, wazee watatu wafugaji wa huko wakaweka dole gumba kushuhudia. Picha zilinifikia siku ile ile, safi kabisa.

Siku mbili kabla ya mkutano wa kikundi, mkuu wangu wa kazi akaniita. Kumbe kampuni yetu ilikuwa imeinunua ile inayoomba hataza. Hakunitisha. Alisema, "Nasikia una harakati zako. Kibali chako cha kuishi kinaombwa upya mwezi ujao, sivyo?" Akanifungulia mlango nitoke.

Mkutanoni tulikuwa tunakamilisha pingamizi. Ingrid akauliza mbele ya wote, "Emanueli, ushahidi wa dada yako uko wapi?" Ulikuwa ndani ya simu, mfukoni mwangu.

"Haujafika," nikasema. "Mtandao wa kwetu ni mbaya."

Dada, niliisingizia Babati. Ingrid akanishika bega akasema pole, si kosa lako. Pingamizi likaenda bila daftari, na muda wa kupokea ushahidi ukaisha.

Kesho yake ukapiga. "Walisemaje?" Nikakujibu, "Walipiga makofi." Nikakusikia ukiwageukia wazee kuwatafsiria, na mmoja wao akacheka kwa furaha. Kicheko kile kimeniumiza kuliko lawama yoyote.

Kibali nimepata. Bado nafanya kazi pale pale. Nakuambia usije ukadhani niliacha kazi kwa heshima yako, maana sikuacha.

Baada ya wiki tatu nilikwenda nyumbani kwa Ingrid nikamwonyesha picha. Alizitazama ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza jina la kila mzee, akayaandika. Hakunigombeza.

"Tutaupeleka ushahidi huu, ila wanaweza kuukataa kwa kuchelewa," alisema.

"Na uratibu?"

"Uache kwanza, Emanueli."

Nikaacha. Sasa mikutanoni nakaa nyuma, napanga viti, na watu ni wapole kwangu kama kwa mgonjwa. Barua ya kupeleka daftari nimeisaini mimi, na nimeandika kwamba nilidanganya. Mkuu wangu ataisoma, maana nakala inapelekwa kwa kampuni. Majibu bado, na siwezi kukudanganya tena kwamba yatakuwa mazuri.

Ninaona aibu, dada. Ulinilea, ukanisomesha, ukatembea na mguu mbovu kwa ajili ya kitu kilichokuwa chako, nami nikakificha ili nisipoteze nafasi yangu.

Nina ombi moja. Usiwaambie wazee wewe, utanitetea. Jumapili wakija kwako baada ya ibada, nipigie na uweke spika. Nitawaambia mwenyewe. Wakitaka kuondoka kabla sijamaliza, usiwazuie.

Msalimie shemeji pale kwenye cherehani yake, na Neema binti yako, mwambie mjomba anafurahi amefika kidato cha tatu. Msalimie mwinjilisti jirani yetu. Mama mpe shikamoo yangu, kisha msomee barua hii yote. Usiruke mahali.

Mdogo wako,
Emanueli