Mgonjwa Niliyemuuliza Kama Hakuona

Lindi, Kibera,
Nairobi.

Kwa kaka yangu Asava,

Pokea salamu zangu wewe pamoja na shemeji Kadenyi, ambaye najua ndiye anayekusomea maneno haya. Kile kikohozi cha msimu wa mvua kimekuachilia? Na magoti ya mama, bado yanamsumbua akipanda kutoka mtoni? Mimi mwili ni mzima, Mungu ashukuriwe. Moyo ndio hauko sawa, na ndiyo sababu nimechelewa hivi kuandika. Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana.

Shemeji, nakuomba jambo moja kabla sijaanza. Ukifika mahali pa aibu, usiruke na usilainishe. Msomee kaka kama nilivyoandika.

Kaka, niliwahi kukwambia kwamba pale kliniki Kawangware ninakaa dirisha la mbele, naandikisha wagonjwa. Mwaka huu wafadhili walituletea kompyuta, na Sista Agripina, yule mtawa anayesimamia kliniki, akaniita: "Kisia, wewe ndiye uliyesoma hizi vitu. Tutengenezee websaiti." Websaiti ni kama ubao wa matangazo, lakini uko ndani ya kompyuta, na mtu yeyote mwenye kompyuta na laini ya simu anaweza kuusoma akiwa kwake. Huku watu wanasema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitapata wazimu, lakini mimi nilijiona nimefika. Niliweka picha ya jengo letu, picha ya Sista, picha ya mama na mtoto. Hata ratiba ya madaktari niliichora kwa rangi, nikaizungushia maua, nikaiweka kama picha. Wageni wakija Sista aliwaonyesha, nami nilisimama nyuma ya kiti nikijifanya sisikii sifa.

Sasa, kuna mgonjwa wetu mmoja anaitwa Mwikali. Ni mama mwenye asili ya Machakos, anaishi huku Kawangware, ana ugonjwa wa sukari, na macho yake hayaoni tangu utotoni. Kazi yake ni opereta wa simu katika ofisi moja mjini. Alikuwa akija kila Jumanne ya mwisho wa mwezi, siku ya daktari wa sukari. Mzee Nzioka, mlinzi wetu, alikuwa akimfungulia lango na kumfikisha hadi dirishani kwangu, wakiongea Kikamba chao na kucheka.

Mwezi mmoja daktari wa sukari alihamishwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi. Nikabandika karatasi ukutani. Nikabadilisha na ile picha yangu yenye maua. Nikaona nimemaliza kazi.

Jumanne Mwikali akaja. Mvua ilikuwa imempiga, viatu vyake matope matupu. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi na mimi nilikuwa nimechoka kujibu swali lilelile tangu asubuhi. Akasema, "Nimekuja kwa daktari wa sukari. Sindano zangu zimebaki za kesho tu."

Nikamjibu bila hata kuinua kichwa: "Daktari ni Alhamisi. Imeandikwa hapo ukutani, hata kwenye kompyuta iko. Kwani hukuona?"

Kaka, kabla sijajua nimesema nini, watu wakacheka. Nami ningeweza kusema pole. Ningeweza kutoka pale dirishani, nikamwita nesi, akapata dawa ya kumfikisha Alhamisi. Nilicheka. Nilicheka pamoja nao kwa sababu cheko lilikuwa kubwa na mimi ndiye niliyelianzisha. Mwikali alisimama kidogo, akapapasa kona ya dirisha kwa fimbo yake nyeupe, akageuka. Sikuandika hata jina lake kwenye kitabu.

Alhamisi hakuja. Baada ya wiki hivi alikuja mwanamke mmoja anayefanya kazi naye, akitaka kadi ya Mwikali. Alikuwa ameanguka kazini, sukari imepanda, yuko hospitali kubwa na siku mbili za kwanza hakuwa akijitambua. Sista akatuita ofisini, mimi na Mzee Nzioka.

"Alikuja hapa Jumanne?"

"Alikuja, Sista," akasema Nzioka. "Mimi mwenyewe nilimfungulia lango nikamfikisha dirishani. Akarudi haraka, nikamfungulia tena."

Sista akafungua kitabu, akapitisha kidole, jina halipo. Akanitazama. Nikasema, "Mimi sikumwona."

Neno moja tu hilo. Nzioka alinigeukia akaniangalia, si kwa hasira, bali kama mtu anayengoja mwenzake akumbuke. Sikukumbuka. Sista alimwamini karani wa kompyuta kuliko mlinzi. Akaona Nzioka alimfukuza mgonjwa langoni kwa vile foleni ilikuwa ndefu, na sasa anajitetea. Akamwambia akae nyumbani hadi jambo lichunguzwe. Mzee alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Ni mzee wa umri wa marehemu baba.

Wiki ya pili nilimwona mzee mtaa wa Satellite, kwenye mjengo wa nyumba, anapandisha matofali na vijana. Nilivuka barabara ili tusikutane.

Ningependa kukuandikia kwamba dhamiri ndiyo iliyonisukuma kusema kweli. Si hivyo. Siku moja simu ililia, nikaishika nikasema jina la kliniki kama kawaida.  Halafu sauti ya mwanamke ikasema, "Ni wewe."

"Mimi nani, mama?"

"Yule wa 'hukuona'. Sauti mimi huwa sisahau, kijana. Ndiyo kazi yangu."

 Akaendelea, pole pole kabisa: "Sijapiga tugombane. Nimetoka hospitali, nina swali. Jumatatu ile niliwapigia mara sita, laini iko bize. Kazini kwangu tuna kompyuta inayosoma kwa sauti, nikaona nifungue hiyo websaiti yenu. Mashine ikaniambia: picha, picha, picha. Mara kumi na moja. Halafu ikanyamaza. Nikasema basi, kama hakuna habari mpya nitaenda siku yangu. Kwani hapo kwenye picha mliandika nini?"

Kaka, laini ilikuwa bize kwa sababu kliniki ina simu moja tu, na ukiingia kwenye intaneti hakuna mtu anayeweza kupiga. Mimi ndiye niliyekuwa ndani asubuhi yote ile. Nilikuwa napaka rangi maua ya ratiba.

"Niliandika kwamba ni Alhamisi," nikasema.

"Ah," akasema. "Haya. Ijumaa nakuja kuongea na Sista wenu."

Kwa hiyo nilienda kwa Sista Alhamisi, kwa sababu niliogopa Ijumaa. Nilimwambia yote. Alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya meza. Mwishowe akasema, "Mimi nitaomba radhi yangu. Lakini leo usinililie hapa. Nenda kwa Nzioka ukamwambie wewe mwenyewe."

Nilimkuta nje ya nyumba yake, akisugua mikono kwa mafuta, ngozi imechubuka kwa matofali. Mkewe akanipa stuli. Sikuikalia. Nilipomaliza kusema, mzee akasema, "Mke wangu alikuwa akisema kijana ni mwongo. Mimi nikamwambia hapana, amesahau tu, ana wagonjwa wengi. Kumbe ulikumbuka."

Hakunitukana. Angenitukana ningepumua.

Sasa amerudi kazini. Ananifungulia lango kila asubuhi na kusema "Karani" badala ya jina langu. 

Mwikali alikuja Ijumaa ile kama alivyosema. Nilianza kumwomba msamaha mbele ya Sista, nikaanza kulia. Akainua mkono. "Machozi yako hayataniwezesha kusoma ratiba. Una nafasi Jumamosi?" Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda ofisini kwao Jumamosi mchana, wenye kazi wakishaondoka. Nakaa kando yake, mashine inasoma kazi yangu kwa sauti ya kizungu inayovunjavunja Kiswahili, nami nasikiliza. Sikuwahi kuona kazi yangu ilivyo hadi niliposikia. Nilipoanza kurekebisha, niliandika "bonyeza hapa" mara tano. Mashine ikisema "hapa", Mwikali anauliza, "Hapa wapi, Kisia?" Nikatoa, nikaandika: ratiba ya madaktari, njia ya kufika, namba ya simu. Maua yameondoka. Kila picha iliyobaki ina maneno yake ya kuieleza. Ratiba ni maandishi matupu, na iko juu kabisa, mashine ikianza tu inaisoma.

Yeye ndiye pia aliyemwambia Sista kwamba kuna wagonjwa viziwi wanaopoteza zamu kwa sababu tunaita majina kwa mdomo. Siku hizi tunawapa kadi za namba na nesi anainua namba juu. Ratiba ikibadilika, lazima tumsomee kila mgonjwa pale dirishani, asomaye na asiyesoma, na intaneti haifunguliwi hadi tufunge kliniki. Sista amenitoa kwenye mambo ya wageni na sifa. Ni haki.

Usidhani mimi na Mwikali tumekuwa marafiki. Ananifundisha kwa sababu anataka dawa zake kwa wakati, na kwa ajili ya wengine. Miguu yake ina ganzi tangu alipougua, na hakuna anayejua kama itaisha.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tukishuka ngazi za ofisi yao. Nilimpa kiwiko akishike, nikatangulia hatua moja, nikasema "ngazi ya mwisho" tulipofika chini. Akasimama.

"Watu hunivuta kama mbuzi," akasema. "Wewe umefundishwa. Kwenu nani haoni?"

 Nilikuwa na jibu, lakini nilikuwa na jingine nililozoea kutoa.

Hapa ndipo nilipokusihi usiruke, shemeji.

Kaka, ulipokuja Kibera mwaka jana kutafuta mnunuzi wa viti vyako, Omondi na Wafula ninaokaa nao waliniuliza wewe ni nani. Ulikuwa umejilaza kitandani mchana ule, umechoka na safari, nikadhani umelala. Niliwaambia wewe ni jirani wa kule nyumbani. Niliogopa wataniona mtu wa kuongoza kipofu, mimi niliyekuwa nikivaa tai. Siku tatu ulikaa, siku tatu sikukuita kaka mbele yao. Na nilipokupandisha basi la kurudi, ulinishika bega ukasema, "Asante, jirani." Ulitabasamu. Nikajifanya kelele za stendi zimenizuia kusikia. Nilisikia, kaka. Nimesikia kila siku tangu pale.

Nilimwambia Mwikali: "Ni kaka yangu mkubwa. Anasuka viti, na ndiye aliyenilipia shule kwa kusuka viti."  Alikaza tu mkono kwenye kiwiko changu tukaenda.

Jumapili, tukiwa tunakula, niliwaambia Omondi na Wafula. Nilikuwa nimejiandaa, nimepanga maneno tangu kanisani. Nikasema yule mzee wa viti hakuwa jirani, ni ndugu yangu wa tumbo moja. Wafula aliendelea kukata ugali. Omondi akanitazama, akasema, "Buda, hiyo tulijua kitambo. Cheko yenu ni moja. Tulikuwa tunangoja tu useme."

Nisalimie mama, umwambie nitakuja Krismasi. Nisalimie mjomba wetu wa dukani, na shangazi Vugutsa anayeongoza kwaya, na watoto wako wote wawili, yule wa kwanza hasa, kwa kukushika mkono mkienda sokoni bila kuona haya, mtoto mdogo vile. Shemeji, asante kwa kusoma hadi hapa. Najua haikuwa rahisi kinywani mwako.

Kaka, sikuombi unijibu upesi. Sikuombi hata useme imekwisha. Ila nikifika, nitakuita mbele ya watu wote, na kama utaamua kuitika, utaitika.

Ni mimi, mdogo wako wa kweli,
Kisia